Kalvini wa Ulaya na Kelvin wa Kinanda

Funguo za kanisa nilimkabidhi Mercy Wairimu mbele ya mashemasi, na Akinyi, mpishi mpya, akapokea sufuria. Walipiga makofi, wakanifunga leso mabegani, tukala. Kesho yake Mercy akanipigia simu akiuliza maji ya tangi yanafunguliwa wapi. Hapo nikajua kuonyeshwa kazi siku moja hakutoshi, nikaanza kuandika. Shule niliacha mapema nikaenda kuchuma kahawa, kwa hivyo mkikuta herufi zimelala, zisomeni zikiwa zimelala. Majina ya watu ndiyo sijapoteza hata moja.

Aliyenifundisha kazi ni Tabitha Muthoni, ambaye alikuwa mtunza kanisa hapa Thika tangu lilipokuwa la mabati. Siku yangu ya kwanza nilikuja na ufagio wangu mwenyewe nikidhani nitasifiwa. Hakuuangalia. Alinipeleka mbele, akainua mbao za jukwaa karibu na mimbari, akanionyesha tangi la ubatizo chini. "Kanisa ni hili shimo," alisema. "Hivyo vingine ni viti."

Sisi Wabaptisti hatunyunyizi mtu. Tunamzamisha mzima, na mtu mzima anataka maji yafike kifuani. Jazeni tangi Jumamosi asubuhi wakati mfereji bado una nguvu. Kizibo cha chini kifungeni na kipande cha tyubu ya baiskeli, la sivyo Jumapili mtakuta matope. Kukiwa na wazee, chemsheni maji kwa sufuria kubwa mmwage kabla ya ibada, na msimwambie mchungaji, kwa sababu atasema Yordani haikupashwa moto.

Kanzu nazo zina siri yake. Dorcas Wangeci alipobatizwa, kanzu yake ilijaa hewa ikapanda juu kama mwavuli, na kwaya ikasahau wimbo. Jumatatu Tabitha akaenda kwa mafundi wa jua kali, wale wa vyuma kando ya barabara, akaomba nati kuukuu, tukazishonea kwenye pindo pande zote. Tangu siku hiyo kanzu inashuka na mwenyewe. Nati zikila kutu, badilisheni, maana kutu hutoboa kitambaa. Kanzu ndefu ni moja tu, iliyoshonwa kwa ajili ya shemasi Gitau. Msiikate.

Kazi ya pili ilikuwa kuwapikia wachungaji. Wa Thika, Juja na Ruiru walikuwa wakikutana kwetu kila mwezi, kwa sababu sisi ndio tulikuwa na jikoni. Tulipika mimi na Grace Nyambura, tuliyezoea kumwita Mama Nduta. Dirisha la kupitishia chakula halifungi vizuri, mmeshaliona. Hatukuwa tunatega masikio. Sauti zilikuja zenyewe na sisi tuko pale na mwiko.

Mchungaji wetu alikuwa Ezekiel Njoroge. Aliuza vitunguu sokoni kabla ya kuitwa, na sauti ya sokoni haikumtoka. Mahubiri yake yote yalikuwa na mwisho mmoja. Anashuka mimbarini, anafungua mikono, anasema, "Kama unataka kuokoka, toka hapo ulipo uje hapa." Kinanda kinapigwa polepole, watu wanakuja. Mimi nilisimama pembeni na tishu, nikiwaketisha kwenye benchi la mbele. Hakuna mtu aliyeingia kwa tangi kabla hajatembea akafika benchi hilo. Hatukuiona kama sheria. Tuliona ndivyo mambo yalivyo.

Mchungaji wa Ruiru alikuwa Kefa Mutua, na huyo alikuwa mtoto wa Njoroge wa kiroho. Alikuja mbele akiwa na sare ya shule, Njoroge akambatiza mimi nikiwa nimeshika taulo, akamtafutia nafasi ya chuo cha Biblia, akamwekea mikono, naye Mutua akaanzisha kanisa Ruiru katika ukumbi wa kukodi upande wa Membley. Ukumbi hauna tangi, kwa hivyo watu wake tuliwabatizia hapa. Mutua akiingia jikoni alikuwa akiniita mama, na kumwita Njoroge mzee. Walikula sahani moja.

Halafu Mutua akarudi chuoni kusoma zaidi, na alipomaliza akaacha kuita watu mbele. Akimaliza kuhubiri anaomba, watu wanaimba, wanaenda nyumbani. Habari hizo zilifika Thika kabla chai ya mkutano haijachemka.

Niliyosikia dirishani nayasema kwa kifupi. Mutua alisema mtu amekufa kwa dhambi, na maiti haiji mbele ikiitwa. Mungu ndiye huchagua nani ataamka, tangu dunia haijaumbwa, na akimwita huyo, lazima aamke. Njoroge alisema Mungu anaita wote, na kila mtu amepewa miguu yake. Mmoja akitoa mstari, mwingine anatoa wake, na wachungaji wengine wanafunua kurasa kama watu wanaopepeta mchele.

"Kama wako wamechaguliwa tayari," Njoroge akasema, "mbona mimi nachomwa na jua sokoni na spika?"

"Kwa sababu hatujui ni akina nani, mzee. Sisi tunatangaza. Kuamsha si kazi yetu."

"Na nikikutana na yule hakuchaguliwa, nimwambie nini?"

"Umwambie vile tunaambia wote. Aje kwa Kristo."

"Aje na miguu gani, na wewe umesema ni maiti?"

Wengine wakacheka. Nadhani kicheko ndicho kiliharibu, kwa sababu hadi hapo walikuwa wakibishana kama watu wa nyumba moja. Mutua alingoja kikaisha.

"Ulinibatiza, mzee, na nashukuru," alisema. "Lakini kunizaa mara ya pili, hukunizaa wewe."

Njoroge akaweka kikombe chini, akachukua kofia yake, akatoka. Chapati yake ilirudi jikoni nzima. Mpishi akiona hivyo haulizi tena.

Sasa katika maneno yale yote, neno moja lilikuwa linarudi kila mwezi. Hii ni Kalvini tu. Kalvini ameingia Ruiru. Kalvini atatugawanya. Na nyinyi mnajua sisi tunavyotamka majina. Mama Nduta alikuwa akikata sukuma wiki. Akaweka kisu chini akaniuliza, "Kelvin amefanya nini?"

Kelvin tulikuwa naye mmoja. Kelvin Wekesa, fundi wa kuchomelea mageti, ndiye alikuwa anatupigia kinanda tangu akiwa shule. Mama yake, Rosemary Nafula, alitoka Bungoma akachuma kahawa na mimi kabla hajapata kazi ya kiwanda, na walikaa mtaa wa Kiandutu. Na jioni ya Jumapili Kelvin alikuwa akienda Ruiru kuwapigia watu wa Mutua, kwa hivyo tuliposikia ameingia Ruiru, ilikaa sawa kabisa.

Maneno yakatoka jikoni na Mama Nduta, yakafika kwaya. Wengine wakasema ni msichana wa Membley. Wengine wakasema amewafundisha watu wa Ruiru nyimbo za disko. Kila mtu aliongeza chumvi kidogo, na hakuna aliyemuuliza mwenyewe. Walianza tu kumsalimia kwa mbali.

Kilichofanya jambo hilo liwe zito ni kwamba Kelvin alikuwa ametoka tu kuomba ubatizo. Aliomba hapo mlangoni mwa ofisi, mimi nikipiga deki. Njoroge alimwambia vizuri kwamba atabatizwa, ila kwanza aje mbele kama wengine.

"Lakini pasta, mimi niko mbele kila Jumapili."

"Uko mbele ukifanya kazi. Hiyo si kuja."

Kelvin hakubisha. Lakini fikirini. Wakati watu wanaitwa, yeye ndiye anapiga kinanda ili waje. Akiinuka, kinanda kinanyamaza, na tangu tuanze hakuna Jumapili kilinyamaza wakati huo. Kwa miaka yote aliwaleta wengine kwa vidole na yeye amekaa. Hakuna mtu alikuwa ameliona hilo, hata mimi niliyekuwa nasimama karibu naye nikigawa tishu.

Kwa hivyo aliponyimwa maji, kisha akasikia wachungaji wanagombana juu yake, aliunganisha hizo mbili. Jumapili iliyofuata hakuja. Kinanda kilibaki kimefunikwa na kitambaa chake cha kufuma, na tuliimba kila mtu na njia yake.

Nilimpata kwa karakana, nikitafuta nati za kanzu. Alizima mashine, akavua miwani ya kuchomelea, akanipa kiti cha mbao. Tulizungumza habari za nyumbani. Kisha akaniita bibi kwa Kikuyu, akauliza akiangalia chini, "Cucu, wewe huwa unawasikia. Ni kweli wanasema Mungu huchagua wengine na wengine hapana?"

Nikamwambia Mutua anasema hivyo, na Njoroge hasemi hivyo.

"Na mimi ndiye wanazungumzia."

Nikamwambia jina nililosikia ni lake.

"Kama nimekataliwa si waniambie tu. Niache kusumbua maji yao."

Nilimwambia Jumamosi nitapika githeri, mahindi na maharagwe, apitie. Alinichagulia nati za saizi moja, akazipiga brashi ya waya zikang'aa, akazifunga kwa gazeti. Nilimweleza Rosemary yote aliyosema.

Siku ya mkutano wa wachungaji Rosemary alikuja moja kwa moja kutoka zamu, bado amevaa koti la kazi, akafungua mlango wa ukumbi wakati sisi tunapitisha chai.

"Bwana asifiwe, wachungaji."

"Amina, mama," Njoroge akasema. "Karibu kiti."

"Sikai. Nataka tu kujua Kelvin wangu amewakosea nini mpaka kila mwezi mnamgombania."

Wachungaji wakatazamana. Njoroge akasema hapa hakuna aliyemtaja Kelvin. Mama Nduta akatoa kichwa dirishani akasema wasikatae, sisi tumewasikia kwa masikio yetu. Mutua ndiye alielewa kwanza. Alifunika uso kwa kiganja, halafu akaeleza polepole kwamba ni Kalvini, si Kelvin. Ni Mzungu wa zamani wa huko Ulaya, mwalimu wa mambo ya Mungu, na yale mafundisho yanaitwa kwa jina lake. Alikufa hata reli haijafika huku.

"Alikufa?" Rosemary akauliza.

"Alikufa, mama."

"Na hakuna hata mmoja wenu alimjua?"

"Hakuna."

"Basi huyo mwachieni Mungu. Huyu wangu yuko hai. Yuko nyumbani amelala na viatu, na aliwaomba maji mkamnyima."

Kulikuwa na mchungaji mmoja wa Juja aliyekuwa ameanza kucheka. Aliacha.

Ingeweza kuishia hapo kwa uzuri, lakini haikuishia. Mutua alisema Kelvin aende Ruiru. Atasikiliza ushuhuda wake na kumbatiza, bila habari ya benchi. Njoroge akamuuliza atambatizia wapi, kwa sababu tangi ni la Thika. Alisema hivyo hivyo, mchungaji niliyemjua miaka yote hiyo, kama mtu anayemnyima jirani ngazi. Mutua akasema mto haujafungwa na mtu. Njoroge akasema akienda mtoni na kondoo wa Thika, asirudi kwenye ushirika huu. Mimi na Mama Nduta tulisimama na birika mpaka mikono ikachoka.

"Nilikuja na shida moja," Rosemary akasema mlangoni. "Naona naenda na mbili."

Kelvin alipoambiwa kuhusu Mzungu alicheka, mara ya kwanza tangu yaanze, Rosemary aliniambia. Lakini kuhusu Ruiru alikataa. Alisema hataki kubatizwa ili mtu mwingine ashindwe. Jumapili angerudi kwa kinanda chake, na maji yangoje. Rosemary alitaka aombe tena. Kijana akasema ameomba mara moja na alisikika.

Jumapili hiyo tangi lilikuwa limejaa, kwa sababu watu wa Ruiru walikuwa na zamu yao ya kubatizwa, na ilikuwa imepangwa kabla ya ugomvi. Mutua akaja nao. Aliketi safu ya pili na hawakusalimiana na Njoroge ila kwa kichwa. Kelvin aliingia kwa mlango wa nyuma, akakunja kile kitambaa, akaketi. Watu ambao walikuwa wanamsalimia kwa mbali sasa walikuwa wanamsalimia sana, mpaka akaona haya.

Njoroge alihubiri. Siwezi kuwaambia alihubiri nini, nilikuwa nawaza maji ya moto. Akashuka, akafungua mikono, kinanda kikaanza. Watu tukangoja yale maneno yake. Hayakuja. Alisimama akiangalia benchi, kisha akaangalia kinanda, na akakaa akikiangalia kama mtu anayeona kitu cha nyumbani kwake kwa mara ya kwanza. Akapita benchi. Akafika kwa kinanda, akainama, na magoti yake nyinyi mnajua yanavyomuuma, akafuata waya kwa mkono mpaka ukutani, akachomoa plagi.

Watu walidhani stima imepotea. Lakini feni zilikuwa zinazunguka.

"Sasa huna kazi hapa," alisema, bila maikrofoni. "Kelvin, ukitaka kuja, njoo."

Kelvin aliketi vidole vikiwa bado juu ya kinanda. Akainuka. Akampita mchungaji, akalipita benchi, akashika njia ya katikati kuelekea mlangoni. Mama Nduta akaninong'oneza, "Ameenda." Rosemary aliangalia sakafu. Kijana alifika mpaka viti vya mwisho kabisa, pale wageni wanapoketi, akaketi hapo na yeye. Alikaa kama mtu aliyeingia kanisani siku hiyo. Halafu akainuka, akatembea urefu wote wa kanisa bila wimbo, viatu vyake vya kazi vikisikika kwa saruji, mpaka mbele.

"Nimekuja," alimwambia Njoroge.

Mimi nilisahau tishu mkononi. Kelvin alikuja akajichukulia mwenyewe.

Njoroge hakungoja Jumapili nyingine. Akaniambia nitafute kanzu. Nilimvalisha Kelvin ile ndefu ya Gitau, na pindoni mwake nilikuwa nimeshonea zile nati alizopiga brashi yeye mwenyewe, na akazitambua kwa kuzigusa. Mutua aliwabatiza watu wake kwanza, akatoka majini. Ndipo Njoroge akashuka na Kelvin, na pale chini akamtazama kijana jinsi alivyo mrefu, akageuka.

"Kefa," akasema. "Rudi huku. Huyu peke yangu sitamwinua."

Mutua alirudi na suruali tayari imelowa. Wakamshika mmoja huku, mwingine huku, wakamshusha, wakamwinua, na maji yakamwagika mpaka kwenye viatu vya kwaya. Hakukuwa na wa kupiga kinanda. Mama Nduta akaanzisha wimbo juu sana, wanaume wakashindwa kuufikia, lakini uliimbwa.

Kwenye chakula nilifikiri watanyamaza. Wapi. Sijapitisha hata nyama, Mutua akaanza.

"Mzee, leo umehubiri yangu. Hakuja mpaka ulipomwendea."

"Nilichomoa waya tu. Miguu ilikuwa yake."

"Na wewe kuchomoa ulitumwa na nani?"

"Nipitishie chumvi."

Wameendelea hivyo mpaka leo. Njoroge alistaafu, anafuga kuku Mugutha, na Mutua humpitia huko wakabishane. Mutua hajarudi kuita watu mbele, na Njoroge hajaacha kusema angepaswa. Watu wa Ruiru bado wanabatizwa kwa tangi letu. Siku ile sahani zilirudi jikoni zote tupu, na ile ya Njoroge ilikuwa imepanguswa kwa chapati.

Sasa Mercy, uliniuliza kwa nini wakati wa wito mtu huenda akachomoa kinanda, na ukasema umeambiwa ni kupunguza stima. Si stima, ni desturi yetu tangu siku ile ya Kelvin. Anayepiga sasa ni Brian Otieno, na kabla yake alikuwa Kelvin. Ukimwona mchungaji ameshuka amefungua mikono, usingoje kuambiwa. Nenda. Usizime swichi ya ukutani, maana ni moja na ya feni. Shika plagi yenyewe, usivute waya. Kisha rudi pembeni na tishu zako, umwache Brian akae kidogo bila kazi.